Padre José Maurício Nunes Garcia na madaftari ya kwaya zetu



Ndugu msomaji, ukimwomba mwanakwaya aliyesoma muziki kidogo akutajie watunzi wa zama zinazoitwa za klasiki, yaani takriban kati ya mwaka 1750 na 1820, atakutajia Haydn, Mozart na Beethoven. Ni haki yao kutajwa. Lakini katika miaka hiyohiyo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, aliishi padre mwenye asili ya Afrika aliyetunga Misa, zaburi, litania na nyimbo za Juma Kuu, na kazi zake zaidi ya 200 zipo hadi leo. Anaitwa José Maurício Nunes Garcia. Alizaliwa Rio de Janeiro, nchini Brazili, tarehe 22 Septemba 1767, akafia mjini humohumo tarehe 18 Aprili 1830. Nilisikia habari zake mara ya kwanza katika kipindi cha muziki wa liturujia hapa seminarini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kumjua zaidi.

Ninaandika juu yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, maisha yake yanatugusa sisi tunaojiandaa kwa upadre: asili yake, masomo yake, utume wake na hata udhaifu wake. Ya pili, kwetu Mgori, mkoani Singida, kuna sanduku la bati lenye madaftari ya nyimbo za mwalimu wa kwaya ambaye amekwisha fariki. Kila ninaposoma jinsi kazi za Padre José Maurício zilivyookoka, nalikumbuka sanduku hilo. Nitalieleza mbele kidogo.

Mtoto wa mjane

Wazazi wake, Apolinário Nunes Garcia na Victoria Maria da Cruz, walikuwa machotara huru, lakini kizazi kilichowatangulia kilikuwa cha watumwa. Rio ya wakati huo ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Wengi waliletwa kutoka Angola na Kongo, na baadaye, hasa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, maelfu walichukuliwa kutoka pwani ya Msumbiji, jirani zetu kabisa. Kwa hiyo mtoto huyu alikua akiona kila siku watu wa damu yake wakiuzwa sokoni, huku kengele za makanisa zikilia.

Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 6. Mama yake akabaki kumlea kwa kazi za mikono. Nyumbani kwao hapakuwa na kinanda. Wanaosimulia maisha yake wanasema alijifunzia gitaa, na vinanda akavigusa katika nyumba za watu wenye uwezo. Alipata mwalimu wa muziki, Salvador José, na chini ya mwalimu huyo kipaji kikaonekana mapema. Kazi yake ya kwanza tunayoijua ni ya mwaka 1783, wakati alikuwa kijana wa takriban miaka 16: aliutungia muziki utenzi wa kale wa Kilatini wa kumsifu Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, unaoitwa Tota pulchra es Maria. Mwaka uliofuata, 1784, alikuwa miongoni mwa wanamuziki walioanzisha Udugu wa Mtakatifu Sesilia katika mji wa Rio.

Mwanamuziki anayeanza na wimbo wa Bikira Maria na Udugu wa Mtakatifu Sesilia ametuonyesha mapema anakoelekea. Aliutaka upadre.

Kikwazo kilichoitwa rangi

Hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Sheria za Kanisa katika koloni hilo la Ureno zilihitaji mwombaji wa upadre achunguzwe ukoo wake, na asili ya Kiafrika ilihesabiwa kuwa kasoro. Haikutosha kwamba amebatizwa, anajua Kilatini, ana mwenendo mwema na anaimba zaburi kuliko wenzake wote. Ilimbidi aandike maombi rasmi ili asamehewe kasoro ya rangi ya ngozi yake. Mwaka 1791 aliomba, akasamehewa, na mwaka 1792 akapewa daraja la upadre akiwa na miaka 24.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara linanichoma. Anayeomba msamaha ni yule aliyekosewa. Hata hivyo, José Maurício hakuliacha Kanisa kwa sababu ya uchungu huo, wala sioni dalili kwamba alijidharau. Aliingia kwa mlango uliokuwepo, akafanya kazi ambayo leo inawaaibisha waliouandika masharti yake. Sisi tunaoingia seminari leo hatuulizwi rangi. Lakini tujichunguze kama hatuna kasoro zetu za kubuni tunazowawekea wengine: kabila, kigango cha porini, lafudhi ya nyumbani, au mzazi asiye na ndoa ya Kanisa.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Mwombaji alitakiwa awe na mali ya kumtunza asije akawa mzigo. José Maurício hakuwa na kitu. Aliyemwokoa ni mfanyabiashara mmoja, baba wa mwanafunzi wake wa muziki, aliyempa nyumba. Hapo tunaona jinsi wito unavyobebwa na watu wengi. Kuna mama mjane, kuna mwalimu, na kuna mwamini mlei aliyefungua mkono. Kwetu Mgori nimewaona waamini wakiuza debe la alizeti, jogoo au lita chache za asali ili mtoto wa jumuiya yao apate nauli na madaftari ya seminari. Mfanyabiashara wa Rio angewaelewa vizuri.

Shule isiyokuwa na kinanda

Nyumba hiyo aliyopewa aliifanya shule. Kwa karibu miaka thelathini Padre José Maurício alifundisha muziki nyumbani kwake bila ada, na wanafunzi wake wakawa wanaimba na kupiga ala kanisani. Wengi walikuwa vijana maskini. Kwa kuwa hapakuwa na vinanda vya kutosha, walijifunza kwa gitaa. Alisisitiza waijue nota kwanza.

Mmoja wa wanafunzi wake, Francisco Manuel da Silva, baadaye alitunga muziki unaoimbwa hadi leo kama wimbo wa taifa wa Brazili, ulioanza kupigwa mwaka 1831. Vilevile alisimama mstari wa mbele kuanzisha chuo cha muziki mjini Rio. Kwa hiyo taifa zima linaimba tunda la shule ile ya magitaa, ingawa wengi hawamjui mwalimu. Jambo hili halitushangazi sisi Watanzania. Muziki wa wimbo wetu wa taifa ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mwimbishaji wa kwaya Mmethodisti wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 1905 kabla hajajua kwamba wimbo wake ungevuka mipaka. Kila asubuhi wanafunzi wetu wanauimba mbele ya bendera, na ni wachache wanaoweza kumtaja aliyeutunga.

Mwaka 1798 Padre José Maurício aliteuliwa kuwa mwalimu wa muziki wa Kanisa Kuu la Rio. Cheo hiki kilimaanisha mambo mengi kwa mpigo: kupiga ogani, kuongoza waimbaji, kutunga nyimbo za sikukuu na kufundisha. Ndiyo kazi ambayo kwetu anafanya mwalimu wa kwaya, tofauti ni kwamba kwetu mara nyingi hana mshahara. Kila Krismasi, kila Pasaka na kila sikukuu ya msimamizi ilidai muziki mpya. Masifu yake ya usiku wa Krismasi ya mwaka 1799 yanapigwa hata leo.

Haifai nifiche jambo moja. Padre huyu hakuishi useja kama alivyoahidi. Alikuwa na watoto kwa mwanamke mmoja, na mwana wake mmoja, mwenye jina kama lake, alikuja kuwa daktari na mwanamuziki. Wanaoandika wasifu wa watumishi wa Mungu mara nyingine huruka kurasa kama hizi. Mimi naona sisi waseminari tunahitaji kuzisoma, kwa sababu kipaji kikubwa hakimlindi mtu, na tarumbeta ikilia vizuri kanisani haina maana kwamba nyumba ya mpigaji imetulia. Tuzisome bila kumrushia mawe, tukijua kwamba nasi tumebeba hazina hii katika vyombo vya udongo.

Ufalme unahamia Rio

Mwishoni mwa mwaka 1807 majeshi ya Napoleon yaliingia Ureno. Mtawala, Mwanamfalme João, akapanda meli pamoja na mama yake Malkia Maria wa Kwanza na baraza zima la kifalme, wakakimbilia Brazili. Walifika Rio mwezi Machi 1808. Jambo la kwanza lilikuwa kwenda kanisani kumshukuru Mungu. Kanisa Kuu wakati huo lilikuwa limejihifadhi katika kanisa la Bikira Maria wa Rozari, ambalo lilikuwa mali ya udugu wa Waafrika. Basi mfalme mtarajiwa wa Ureno akaimbiwa utenzi wa shukrani Te Deum katika kanisa la watu weusi, na aliyeongoza muziki ni mjukuu wa watumwa.

Mwanamfalme alipenda muziki kwa moyo wote. Alimsikia Padre José Maurício, akamteua mwaka huohuo kuongoza muziki wa Kapela ya Kifalme. Mwaka 1809 akamtunuku nishani ya Shirika la Kristo, heshima ambayo mtu wa rangi yake hakuitarajia. Miaka hiyo ilikuwa ya kazi isiyo na pumzi. Alitunga kazi kwa makumi, mojawapo ikiwa Misa ya Bikira Maria Mkingiwa ya mwaka 1810.

Kwa msomaji asiyezoea lugha ya muziki, tunaposema mtunzi ametunga Misa tunamaanisha ametunga muziki wa sehemu zisizobadilika: Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo. Kwetu pia tunafanya hivyo, na kwaya huziita Misa kwa jina la mtunzi au la kanisa zilikoanzia.

Lakini pamoja na heshima vilikuja vitu viwili. Cha kwanza ni dharau. Wanamuziki waliotoka Lisbon hawakupenda kuongozwa na mtu mwenye asili ya Afrika, na walimfanya alione hilo. Cha pili ni mtindo. Waimbaji waliotoka Ulaya walizoea michezo ya kuigiza kwa nyimbo, wakataka kanisani nako wapate nafasi ya kuonyesha ufundi wa koo zao. Kazi za José Maurício za kabla ya 1808 ni tulivu, maneno yanasikika, sauti nne zinatembea pamoja. Za baada ya hapo zina fahari zaidi na mapambo mengi. Karibu karne moja baadaye, tarehe 22 Novemba 1903, Papa Pius wa Kumi alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, akikataza mtindo wa ukumbi wa maigizo kuingia katika ibada. Mvutano ule wa Rio ndio mvutano wa kwaya zetu leo, tunapojiuliza kama spika kubwa na madoido ya kinanda vinawasaidia watu kusali au vinawafanya watazame.

Mwaka 1811 aliwasili Marcos Portugal, mtunzi maarufu kutoka Lisbon, ambaye michezo yake ya nyimbo ilikuwa imechezwa Italia. Mwanamfalme akampa yeye nafasi ya mbele. Padre José Maurício hakufukuzwa. Aliendelea kulipwa, ila sikukuu kubwa hazikuwa zake tena. Alikuwa na miaka 44, umri ambao mtunzi amekomaa, na ndipo alipoanza kusubiri aitwe.

Mwalimu wetu wa Mgori

Nafika sasa kwenye lile sanduku la bati. Kwetu tunalima alizeti, mtama na vitunguu, tunafuga kuku na ng'ombe, na msitu wa Mgori unatupatia asali. Mwalimu wangu wa kwaya alikuwa mkulima kama wengine. Jioni, baada ya kutoka shambani, alitufundisha solfa kwa ubao uliopakwa masizi, akitumia kijiti kutuonyesha herufi: d, r, m, f, s, l, t. Hakutoa wimbo mpaka kila sauti imesoma nota zake bila maneno. Soprano wakisita alirudia, besi wakijisahau alirudia. Alitunga pia. Alikuwa na wimbo wa kutolea mavuno kwa mahadhi ya Kinyaturu, ambao wazee waliusikia wakaanza kutikisa vichwa kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha.

Baadaye kikaja kinanda cha umeme, akaja na mpigaji kijana mwenye kipaji, na taratibu nyimbo za mjini zikachukua nafasi. Mwalimu akabaki na kwaya ya watoto. Nilipokwenda kumwamkia likizo moja, nilimuuliza kama hasikitiki. Akaniambia, "Mwanangu, umeme ukikatika kinanda kinanyamaza. Hawa watoto hawatanyamaza." Akaendelea kukata karatasi za solfa. Simlaumu yule kijana wa kinanda. Wengi wetu tulimpenda na anapiga vizuri. Ninachosema ni kwamba kitu kipya kikija, aliyekuwepo husogezwa pembeni bila mtu yeyote kuamua kumsogeza.

Mwalimu alipofariki, binti yake alihifadhi madaftari yake matatu makubwa ndani ya sanduku. Likizo iliyopita, kwa ruhusa ya familia na ya paroko, mimi na vijana wawili tuliyafungua. Mchwa walikuwa wameanza kula pembe za daftari la kwanza. Tulipiga picha kila ukurasa kwa simu, kisha tukaanza kunakili nota kwa mkono kwenye daftari jipya. Katika wimbo wa mavuno ukurasa mmoja haupo, na sauti mbili za katikati zilikuwa zimepotea. Bibi mmoja aliyeimba alto kwa miaka mingi akaketi kwenye kigoda, akafumba macho, akatuimbia sauti yake yote kutoka kichwani. Tukaiandika. Sauti ya tena bado hatujaipata. Waliokuwa wakiiimba wamefariki, na mmoja aliyebaki amehamia mbali.

Misa ya wafu ya mwaka 1816

José Maurício naye aliendelea kukata karatasi zake. Mwaka 1816 Malkia Maria alifariki, na mwaka huohuo mama mzazi wa José Maurício, Victoria, akafariki pia. Padre aliombwa atunge muziki wa ibada ya kumwombea malkia. Alitunga Misa ya wafu ambayo wengi wanaiona kuwa kazi yake bora kabisa. Iko katika ngazi ndogo ya D, kama ile ya Mozart, na anayeijua ya Mozart atasikia udugu kati yao. Lakini ina sauti yake yenyewe. Kwaya inaanza chini, kwa utulivu, haina haraka ya kulia. Mimi ninapoisikiliza najiuliza kama padre huyu, alipokuwa akiandika maombi kwa ajili ya malkia, aliweza kuzuia mkono wake usimwombee mama yake. Mbele ya Mungu malkia na mjane maskini waliombewa kwa nota zilezile.

Mwaka huo aliwasili Rio Sigismund Neukomm, Mwaustria kutoka Salzburg, mwanafunzi wa Haydn. Yeye alitambua haraka ni mtu wa namna gani amekutana naye. Desemba 1819 Padre José Maurício aliongoza Misa ya wafu ya Mozart mjini Rio, miaka 28 baada ya kifo cha Mozart, na Neukomm akapeleka habari hiyo ikachapishwa Vienna, akimsifu aliyeongoza. Basi mjukuu wa watumwa ndiye aliyewasikilizisha watu wa Rio kazi ile.

Mwaka 1821 mfalme alirudi Lisbon, na mwaka 1822 Brazili ikajitangazia uhuru. Fedha za kapela zikapungua sana. Shule ya nyumbani haikuweza kuendelea, afya ya mwalimu ikadhoofika. Mwaka 1821 alikuwa ameandika kitabu kidogo cha kufundishia muziki na kinanda kwa ajili ya wanawe. Mwaka 1826, kwa ombi la Udugu wa Mtakatifu Sesilia aliousaidia kuanzisha akiwa kijana, alitunga Misa ya Mtakatifu Sesilia, kazi kubwa yenye fahari, na ya mwisho kwake. Miaka minne baadaye alifariki akiwa maskini.

Walionakili

Tungekuwa hatuna la kusimulia kama mambo yangeishia hapo. Kazi zake nyingi hazikuchapishwa akiwa hai. Zilikuwa karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na karatasi katika nchi ya joto hailindwi na sifa za mtunzi. Zilizookoka ziliokolewa na watu waliozikusanya na kuzinakili. Mmoja wao ni Bento das Mercês, mwanamuziki wa kapela ileile, aliyetumia miaka mingi kukusanya na kunakili nota za padre huyo. Baada ya kifo chake mkusanyo huo ulinunuliwa na serikali ukawekwa katika chuo cha muziki cha Rio. Katika karne ya 20 mwanamama Cleofe Person de Mattos, mwongozaji wa kwaya na mtafiti, alizunguka makanisa na hifadhi, akazipanga kazi zote alizoziona, na mwaka 1970 akachapisha orodha yake. Kwa sababu ya kazi yao, mseminari wa Tanzania anaweza leo kuisikia Misa ya mwaka 1816 kwa simu ya mkononi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia, unafundisha kwamba mapokeo ya muziki ya Kanisa zima ni hazina isiyo na kifani (namba 112), kwamba hazina hiyo itunzwe na kuendelezwa kwa uangalifu mkubwa (namba 114), kwamba muziki ufundishwe kwa uzito katika seminari (namba 115), na kwamba muziki wa mataifa katika nchi za misioni upewe heshima inayostahili (namba 119). Katika mwaka huo wa 1963 Mtaguso ulipotoa hati hiyo, Padre Stephen Mbunga wa nchi yetu alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuelekezwa. Tunaposikia neno hazina tunafikiria maktaba za Roma, lakini sehemu ya hazina hiyo imo kwenye masanduku ya bati uvunguni mwa vitanda, nayo inaliwa na mchwa.

Tufanye nini?

Kwa waseminari wenzangu natoa ombi rahisi. Unapokwenda likizo, uliza katika parokia yako na vigango vyake ni nani aliyefundisha kwaya miaka ya nyuma, na nyimbo zake ziko wapi. Kama yu hai, nenda umwamkie, umwombe akuimbie, umrekodi. Kama amefariki, iombe familia kwa heshima. Piga picha kila ukurasa, hata uliochanika. Andika jina la mtunzi, mwaka kama unajulikana, na kigango. Nakala moja ibaki kwa familia, moja kwa paroko, na moja ije kwenye maktaba ya seminari. Hakuna gharama kubwa hapo. Kinachohitajika ni siku chache na subira ya kusoma mwandiko wa mtu mwingine.

Kwa ndugu waamini, mnapochangia kinanda, jambo ambalo ni jema, mkumbuke pia daftari na kalamu za mwalimu. Na kwa viongozi wa kwaya, karatasi ya wimbo isigawiwe bila jina la aliyeutunga. Nimeona nyimbo nyingi zikizunguka zikiwa na jina la kwaya iliyorekodi tu. Kufuta jina la mtu kwenye kazi yake ni kumnyima ujira wake, hata kama hakudai fedha.

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na tarehe 22 ya mwezi huo ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Napendekeza jumuiya zetu ziweke nia ya Misa kwa ajili ya walimu wa kwaya waliotangulia, wakitajwa kwa majina yao. Sisi Mgori tumepanga kuimba wimbo wa mavuno siku hiyo kwa sauti tatu tulizonazo. Na kama kuna msomaji aliyeimba tena pamoja nasi miaka ile, popote alipo, na anaikumbuka sauti yake, tunamwomba awasiliane na paroko wetu. Nafasi ya mstari wake tumeiacha wazi kwenye daftari.